Jaha Iliyokwenda Kuombea Kompyuta

Binamu yangu Muntasir ana akili. Nalisema hili mapema, maana mkifika katikati ya habari yake mtaanza kunitilia shaka. Amesoma vizuri, anaandika barua ya biashara ikasomeka kama hotuba, na akikuambia faida ni kiasi fulani huna haja ya kuhakiki. Kasoro yake ni moja tu, nayo kazaliwa nayo: jambo lolote la kumkabili binadamu mwenzake uso kwa uso, yeye hulitafutia mtu wa kulisema kwa niaba yake. Akitaka nyongeza ya mshahara humtuma mhasibu. Akigombana na kinyozi, mimi ndiye ninayekwenda kupatanisha, mimi ambaye kichwani sina hata unywele mmoja wa kunyoa.

Naitwa Zuhairi. Nauza vipuri vya magari hapa Karak, kwenye mteremko chini ya ngome, mahali ambapo breki za watu hufa kwa wingi, namshukuru Mungu. Sina shahada yoyote na sijaona siku niliyoihitaji.

Muntasir yuko ofisi ya mauzo katika kampuni ya jamidi. Jamidi ni yale madonge ya mtindi wa kondoo yaliyokaushwa mpaka yakawa mawe, nayo ndiyo roho ya mchuzi wa mansafu, ule wali wetu wa nyama ya kondoo, na bila mansafu huku kwetu hakuna harusi, hakuna matanga, wala hakuna suluhu. Kazi ni nzuri na ya heshima. Lakini mwenye kampuni aliwahi kutamka kwamba meneja ajaye lazima awe na shahada ya uzamili ya biashara, na tangu siku hiyo Muntasir akawa anatoka kazini na kwenda moja kwa moja chuoni, ana begi begani kama mwanafunzi wa darasa la tatu, naye mvi zimeshaanza kumchungulia masikioni.

Uhasibu alifaulu. Masoko alifaulu. Hata takwimu, ambayo ilimtoa machozi mhandisi mzima waliyesoma naye, alifaulu. Akakwama kwenye somo moja: usimamizi wa mifumo ya habari.

Somo hilo lilikuwa la Daktari Arwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na miwani inayoning'inia shingoni kwa mnyororo. Kwake hakuna mtihani wa kukaa na kalamu. Mwanafunzi anatafuta mahali pa kazi pa kweli, anaweka mfumo wa kweli wa kompyuta, kisha watu wa pale wanautumia mwezi mzima. Mwezi ukiisha, Daktari Arwa anakuja mwenyewe. Haendi kwa bosi. Anakwenda kwa yule anayebonyeza vitufe, anakaa naye, anamuuliza. Akigundua kwamba mtu huyo hautumii mfumo kwa hiari yake, umeanguka, hata kama umeandika ripoti nene kama godoro.

Mara ya kwanza Muntasir alipeleka mfumo wa shirika la ndege alilolisoma kitabuni. Daktari Arwa alimuuliza tu, "Hizo ndege ziko wapi?" Mara ya pili alikwenda kwa muoka mikate, ambaye aliitikia kila kitu kwa tabasamu, na siku ya ukaguzi ikaonekana kompyuta haijapata kuwashwa, juu yake walikuwa wanapoza mikate. Kanuni ya chuo ni kwamba ukianguka somo lilelile mara tatu, unafukuzwa, na miaka yako yote inakwenda na maji. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe karibu atakuwa mkurugenzi. Kwa hiyo mnaelewa hali ilivyokuwa.

Mara hii ya tatu akaamua kuuweka mfumo hapohapo kazini, katika ghala la jamidi. Kila gunia libandikwe karatasi yenye mistari myeusi, ulimulike kwa kimashine cha mkononi, kilie, na kompyuta ijue gunia liko wapi. Mwenye kampuni akasema, "Mimi sina neno, ila ukubaliane na Abu Shakiri."

Abu Shakiri ndiye mkuu wa ghala. Ni mtu mkubwa, ana masharubu ya kutisha na moyo wa kuku, na ghala lake lilikuwa balaa tupu. Mara mbili kwa wiki wafanyakazi wote waliacha kazi wakatafute gunia ambalo yeye mwenyewe alilificha ili lisipotee. Mtu yeyote mwenye akili angekwenda kwake, akaketi, akanywa chai, akamwambia, "Ami, nina shida, nisaidie." Binamu yangu alifanya nini? Alingoja Ijumaa, ghala limefungwa, akaja na fundi, wakafunga kompyuta. Na mezani palikosa nafasi, kwa hiyo wakaondoa jiko dogo la Abu Shakiri la kupikia chai, wakaliweka sakafuni, karibu na choo.

Jumamosi asubuhi Abu Shakiri alifungua mlango, akaona. Hakupiga kelele. Alivua shuka lake la begani, akaifunika ile kompyuta kama maiti, akatoka nje, akakaa juu ya kiti cha plastiki uani.

"Mimi nina jina katika mji huu," alimwambia kila aliyepita. "Jiko langu wameliweka chooni."

Muntasir akajaribu njia za kitabuni. Kitabu chao kina sura nzima juu ya kupata ridhaa ya mtumiaji, na yeye ameipigia mistari ya rangi tatu. Akaleta picha za kumulika ukutani, na mtu wa kuzieleza. Abu Shakiri alilala. Akamwomba mwenye kampuni aandike barua ya kuwahimiza wafanyakazi. Abu Shakiri aliitumia kufungia zeituni. Akamtuma mhasibu. Mhasibu alirudi amebadilika, akasema, "Lakini kusema kweli, jiko kuliweka chooni si vizuri."

"Nenda wewe mwenyewe ukamwombe radhi," nikamwambia.

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie nisamehe, mbuzi wewe!"

"Zuhairi, wewe unamfahamu vizuri kuliko mimi. Kwa nini usi…"

Nilimfukuza dukani. Akaenda kwa babu mdogo.

Babu mdogo, Abu Nayif, ni ndugu wa babu yetu, mwalimu mkuu mstaafu, na ndiye msemaji wa jaha wa ukoo mzima. Kama mtu ameuawa barabarani, kama koo mbili zimegombania kisima, kama kijana anataka mke, wazee hujikusanya, huvaa majoho, huenda nyumbani kwa mwenye haki, na Abu Nayif ndiye anayesimama kusema. Sauti yake ikishuka, hata kuku hunyamaza. Alipoisikia habari ya jiko akapiga goti lake kwa kiganja.

"Mmemvunjia mtu heshima yake, halafu mnampelekea picha za ukutani? Hili ni jambo la jaha!"

"Babu," nikasema, "ni kompyuta."

"Heshima ni heshima. Ijumaa, baada ya alasiri."

Basi Ijumaa tukaenda, majoho meusi na meupe, vilemba vyekundu, mlolongo wa magari kama tunakwenda kusuluhisha vita. Babu nilimpakia mimi kwenye pikapu yangu, Muntasir akakaa katikati, amenyooka kama fimbo ya ufagio.

"Babu, usisahau," nikasema tukiwa njiani. "Samahani kwa ajili ya jiko, kisha aikubali kompyuta."

"Najua."

"Kompyuta, babu."

"Wewe! Mimi nimesema mbele ya mawaziri na mashekhe wa makabila. Leo muuza breki anifundishe la kusema? Angalia barabara."

Nyumbani kwa Abu Shakiri tulipokelewa vizuri mno. Naye amevaa joho, masharubu yamechanwa, anang'aa kwa ile heshima aliyopewa. Hakuambiwa tumekuja kwa lipi. Alijua tu wazee wanakuja, na alidhani ni mambo ya jiko. Tukaketi safu mbili, sisi upande huu, wao upande ule. Kahawa chungu ikaletwa, akamiminiwa babu mdogo. Kama ilivyo ada, babu alikipokea kikombe, akakiweka mbele yake bila kukigusa kwa mdomo. Kikombe hakinyweki mpaka ombi lijibiwe. Babu akainuka.

Akamsifu Mungu, akamswalia Mtume. Akausifu ukoo wa Abu Shakiri, ukarimu wao, farasi wao wa zamani. Akasema maneno mazuri juu ya ujirani, mpaka mzee mmoja wa upande wa pili akafuta jicho. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa. Kisha nikaona macho ya babu yanatazama mbali, juu ya vichwa vya watu, na sauti yake ikaanza kuteremka kwa mwendo ule ninaoufahamu, mwendo wa maneno ambayo kinywa chake kimeyazoea kiasi kwamba hakihitaji tena msaada wa kichwa.

"…nasi wazee hawa unaowaona tumekuja mlangoni pako," akasema, "kwa desturi ya Mwenyezi Mungu na ya Mtume wake, kuomba mkono wa binti yenu aliyetunzwa na kuheshimiwa, kwa mwanetu Muntasir."

Nikamvuta joho. Akaupiga mkono wangu teke la kisigino, akaendelea mpaka mwisho, akaketi, ameridhika.

Abu Shakiri alikuwa amebakiwa na binti mmoja nyumbani, Tahani, mtaalamu wa maabara hospitalini. Alitazama mlango wa jikoni. Mwenyewe alinieleza baadaye ni nini kilipita kichwani mwake: "Jaha ya kuposa haiji mpaka wanawake wamekwisha kuyamaliza. Kila mtu anajua. Nikasema, haya, wameshayamaliza, ni mimi tu sikuambiwa, kama kawaida ya nyumba hii." Na kule jikoni mama alimtazama binti, binti akamtazama mama, kila mmoja anadhani ni mwenzake aliyepanga.

"Kunyweni kahawa yenu," Abu Shakiri akasema. "Mmepewa!"

Vigelegele vikapasuka jikoni, mama hakuweza kungoja. Babu mdogo akanywa. Fatiha ikasomwa, mikono yote juu. Muntasir alifungua mdomo wake, akanitazama nimsemee. Mimi nikatazama dari. Wallahi, nisingejua pa kuanzia. Mbele ya wazee wale, Fatiha imeshasomwa, kusema "samahani, tulikuwa tunaomba kompyuta" ni kumfedhehesha baba mtu, na binti zaidi.

Abu Shakiri akavuka chumba, akamkumbatia mpaka kilemba kikamdondoka.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unazungukazunguka ghalani, mtoto mwenye haya wewe! Na ile mashine yako, Jumapili uje unifundishe. Ya mkwe wangu nitaikataa vipi?"

Wakati wa kurudi, kwenye kona ya kituo cha mafuta, nikapunguza mwendo.

"Babu," nikasema taratibu, "umemposea mke."

"Si ndiyo tulikwenda?"

"Tulikwenda kuomba kompyuta!"

Akarekebisha joho. "Tangu nianze kusema, hakuna ombi langu lililorudishwa. Wala hili halirudi." Akakataa kabisa kulizungumzia tena. Mama yake Muntasir alipopata habari alianguka sakafuni kwa shukrani. Alikuwa amekata tamaa kitambo.

Jumapili mwanamke alisimamisha gari dogo la bluu mbele ya duka langu, akaingia. Miwani ya jua juu ya hijabu, funguo mkononi.

"Wewe ndiye Zuhairi?"

"Ndiye mimi, dada. Breki?"

"Breki nzima. Namtafuta mchumba wangu. Naambiwa ninaye."

Nikampigia simu Muntasir, akaja anahema. Alipomwona Tahani akanigeukia mimi.

"Usimtazame huyo," Tahani akasema. "Huyo si aliyenichumbia. Sema."

Akasema. Alisema vibaya, akianzia kwenye shirika la ndege na mikate, lakini alifika. Tahani alicheka mpaka akashikilia rundo la matairi. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Mama ameshawapigia simu watu mpaka Akaba. Nikikataa leo, baba atachekwa sokoni mpaka afe. Lakini niulize kitu. Katika watu wote waliokuwa pale, ni nani aliyeniuliza mimi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Baba kasema ndiyo. Babu yenu kasema ndiyo. Mama kapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naosha vikombe."

"Nitamweleza baba yako ukweli," Muntasir akasema. "Wallahi nitamweleza. Daktari Arwa akishaondoka tu."

"Kabla."

"Kabla? Atanitupia kompyuta nje! Nitafukuzwa chuo!"

"Akishaondoka utakuwa umeshapata alama zako mkononi. Kwa masharti hayo hata mimi ni mkweli." Akazichezesha funguo. "Wala sikulazimishi. Sitamwambia mtu. Kazi yangu ni kupima mikojo ya watu, nimezoea kungoja majibu. Nataka tu kujua wewe ni mtu wa namna gani. Na uende mwenyewe, bila mzee, bila huyu."

Akanunua mipira ya kufutia kioo, kwa sababu alisema ni aibu kuingia dukani kwa mtu bure, akaondoka.

Mwezi huo, jamani, Abu Shakiri alipagawa kwa kuupenda mfumo. Jiko lake lilirudishwa mezani, kompyuta ikahamia dirishani, naye akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja kinene, ulimi nje. Mlio wa kile kimashine ulimpendeza kuliko muziki. Alibandika mistari kwenye magunia, akabandika kwenye birika, na siku moja nikamkuta amembandika mhasibu mgongoni. Gunia likitajwa, aliliendea moja kwa moja, akarudi nalo kifua mbele. Alisema, "Mashine ya mkwe wangu," mpaka watu wakawa wanakimbia wakimwona anakuja.

Na kila Alhamisi Muntasir alikwenda nyumbani kwao, kama ipasavyo mchumba, akaketi sebuleni na familia nzima ikimtazama anavyokula. Tahani alimuuliza maswali ya somo lake. Kumbe hospitalini nako walikuwa wameletewa mfumo mpya, na maabara wakawa wanaandika kila jibu mara mbili, kwenye karatasi na kwenye kompyuta, kwa sababu aliyeutengeneza hakupata kuingia maabara hata siku moja. "Angekuja akatuuliza asubuhi moja tu," Tahani alimwambia, "angeokoa mwaka mzima." Muntasir alikuwa amelisoma hilo kitabuni na kulipigia mstari wa kijani. Alisema sasa ndiyo kwanza amelisikia.

Akaja dukani, akakaa juu ya tairi.

"Zuhairi, yule msichana ana akili."

"Umempenda."

"Nimesema ana akili."

"Umempenda, na kesho kutwa Daktari Arwa anakuja, na hujamwambia mzee kitu."

Akashika kichwa. Nilimwonea huruma, nakiri, maana safari hii hakuniomba nimsemee. Alikuwa anaogopa vitu viwili kwa pamoja, chuo na binti, na ukweli ungeweza kumnyang'anya vyote kwa mkupuo mmoja. Angenyamaza siku mbili tu angepata shahada, na pengine na mke juu yake.

Kesho yake jioni akaniambia, "Nisindikize mpaka mlangoni. Usiingie."

Nilisimama mlangoni. Ghala linanuka mtindi mkali, mlango uko wazi, na masikio yangu ni mazima. Abu Shakiri alikuwa anamulika magunia, anaimba.

"Ami," Muntasir akasema, "siku ile ya jaha hatukuja kuposa. Tulikuja kukuomba radhi kwa ajili ya jiko, na kukuomba uikubali kompyuta. Babu alipitiwa. Mimi ningeweza kusema palepale, nikaogopa."

Mlio wa kimashine ukakoma.

"Mlikuja na wazee wale wote," Abu Shakiri akasema polepole, "kuomba kompyuta?"

"Ndiyo, ami."

"Na mimi nikatoa binti."

"Ndiyo, ami."

"Kwa hiyo binti yangu humtaki."

"Siku ile sikuwa namfahamu. Sasa namtaka kuliko hiyo shahada. Lakini yeye hajasema kitu, kwa sababu hajaulizwa. Na jiko… jiko nililiondoa mimi. Nisamehe."

Abu Shakiri akasema, kwa sauti ndogo isiyofanana na masharubu yale, "Mke wangu ameshashona nguo." Na mara ikaja sauti yake kubwa: "Toka! Na wewe uliyeko mlangoni, toka!"

Tukatoka. Muntasir alilala kwangu, kama ni kulala.

Asubuhi nilifunga duka. Nani angelikosa tukio lile? Daktari Arwa akafika na miwani yake shingoni. Tukaingia ghalani tukitegemea kuikuta kompyuta uani. Ilikuwa dirishani, imewashwa. Abu Shakiri amesimama kando yake, joho begani, kilemba chekundu kichwani, amevaa kama anapokea kabila. Hakumtazama Muntasir hata mara moja.

Daktari Arwa akakaa juu ya gunia. Akaomba aonyeshwe. Abu Shakiri akaonyesha, kidole kimoja, hakukosea.

"Na ulikubalije kuutumia, mzee wangu?"

"Nilikubali kwa sababu huyu alikuwa mkwe wangu."

Nikafumba macho. Daktari Arwa akamtazama Muntasir, kisha mzee. "Alikuwa?"

"Tangu jana si mkwe."

"Sasa leo kwa nini bado unautumia?"

Abu Shakiri akavuta masharubu. "Daktari, kijana huyu ameniletea picha, ameniletea barua, ameniletea wazee wa Karak nzima. Yeye mwenyewe hakuja. Jana ndiyo amekuja. Nilimfukuza, nikakaa pale, nikawaza: huyu angeweza kungoja leo upite, kisha aseme. Hakungoja. Basi mashine nimeikubali, mimi, si kwa ajili ya mtu." Akaipangusa kompyuta kwa pembe ya joho. "Halafu kusema kweli nimechoka kutafuta magunia."

Daktari Arwa alitaka kuelezwa habari ya wazee. Akaelezwa yote, mpaka Fatiha. Ni mtu wa huku, hakuna aliyehitaji kumfafanulia kitu. Alivua miwani, akafuta macho na pembe ya mtandio, mabega yanamcheza.

"Umefaulu," akamwambia Muntasir. "Kwa shida. Na hiyo jaha usiiandike kwenye ripoti, nakuomba. Muhula ujao wenzako wataniletea wazee darasani."

Alipokwisha kuondoka, Muntasir alikwenda kwa Abu Shakiri, mwenyewe.

"Ami, na Tahani je?"

"Mimi nilishasema ndiyo mara moja, ukaona yaliyonipata. Kamuulize mwenye jambo lake."

Nilimpeleka hospitali kwa pikapu. Nikaegesha chini ya ukuta, dirisha wazi. Tahani akatoka na koti lake jeupe, akasimama ngazini, na Muntasir akasimama ngazi mbili chini yake. Akamwambia kwamba amemweleza baba yake, na kwamba amefaulu, na kwamba hayo mawili hayahusiani na hili la tatu. Kisha akamuuliza kama atakubali kuolewa naye. Aliuliza kwa maneno machache, kwa sauti mbaya, na hakumtazama mtu mwingine.

Tahani akafikiri. Watu wakapita na vyeti vyao na watoto wao wanaolia.

"Hapana," akasema.

Muntasir akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi moja.

"Ngoja, unakwenda wapi?" Tahani alikuwa anatabasamu, mkono mdomoni, kama mtu aliyeonja kitu ambacho hakudhani ni kitamu hivyo. "Mwezi mzima watu wananisemea ndiyo. Nilitaka kwanza nisikie hapana yangu inavyosikika. Rudi Alhamisi, uniulize tena."

"Alhamisi utasema nini?"

"Njoo ujue," akasema, akarudi kazini kwake.

Alhamisi Muntasir hakunipigia simu. Alikwenda peke yake.